Mwandishi Mshtakiwa: Kitabu, Wembe na Swali la Lawama katika Filamu ya Tenebrae

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza filamu ya Tenebrae (1982) ya mwelekezi Mwitaliano Dario Argento kama matini inayojadili dhima na lawama ya mwandishi. Filamu hii ya mauaji ya visu na mashoka inamhusu mtunzi wa riwaya anayeambiwa kwamba kitabu chake kimemfundisha mtu kuua. Makala yanahoji kuwa filamu inazua maswali mawili tofauti: je, kazi ya sanaa huua? Na je, msanii huwajibikia vipi namna anavyoyapamba mauaji? Inadaiwa hapa kuwa filamu inalijibu swali la kwanza kwa ujasiri, lakini inalikwepa la pili. Kutenganisha maswali haya ni funzo muhimu kwa mwanafunzi wa uhakiki.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu athari za sanaa kwa maadili ni mkongwe. Plato, katika Jamhuri, aliwaogopa washairi kwa kuwa waliamsha hisia zisizotawaliwa na akili. Mwanafunzi wake Aristotle akajibu kwamba tanzia humwezesha mtazamaji kuzitakasa hisia za huruma na hofu. Tangu hapo wahakiki wamegawanyika katika kambi mbili, nao uwanja wa fasihi ya Kiswahili haukusalimika. Riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi iliwahi kuzuiwa kutumiwa katika shule za Tanzania kwa madai kwamba ilivuka mipaka ya adabu. Baadaye ilikuja kuhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi hiyo.

Aghalabu mjadala huu huendeshwa nje ya kazi yenyewe. Wahakiki na wadhibiti hulumbana huku kazi ikikaa kimya. Tenebrae ni mfano adimu wa kazi inayoyaingiza mashtaka dhidi yake ndani ya msuko wake. Mwandishi amesimamishwa kizimbani, mlalamishi amepewa sauti, na mtazamaji ameachiwa hukumu. Kwa sababu hii, ingawa ni filamu iliyojaa damu na ambayo wengi wangeipuuza kama burudani duni, inastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoielekezea riwaya.

2.0 Jalada la Manjano: Usuli wa Filamu

Dario Argento alizaliwa Roma mwaka 1940. Kabla ya kuwa mwelekezi alikuwa mhakiki wa filamu katika gazeti la Paese Sera, kisha akashirikiana na Bernardo Bertolucci na Sergio Leone kubuni hadithi ya filamu ya Once Upon a Time in the West (1968). Filamu yake ya kwanza kama mwelekezi, The Bird with the Crystal Plumage, ilitoka mwaka 1970, ikafuatwa na nyingine zilizompa sifa na lawama kwa kiasi kilichokaribiana, zikiwemo Deep Red (1975) na Suspiria (1977). Wanaomsifu humwona kama msanii wa rangi, sauti na mwendo wa kamera. Wanaomlaumu husema kwamba hadithi zake hazishikani, na kwamba anaufurahia mno uchungu wa wanawake.

Filamu za aina hii huitwa giallo nchini Italia. Neno hilo maana yake ni "manjano", na asili yake ni ya kifasihi. Mnamo 1929 shirika la uchapishaji la Mondadori lilianza kutoa riwaya za upelelezi zenye majalada ya manjano. Rangi ya jalada ikawa jina la utanzu, na utanzu huo ukahamia kwenye filamu, hasa kupitia kwa mwelekezi Mario Bava katika miaka ya 1960. Filamu za Kimarekani za mauaji ya mfululizo, kama vile Halloween (1978) na Friday the 13th (1980), zina undugu nazo. Tofauti ni kwamba giallo haikuliacha kamwe swali la riwaya ya upelelezi: nani aliyeua?

Hivi ni kusema kuwa Argento alipomweka mtunzi wa riwaya za upelelezi katikati ya filamu yake, alikuwa akiurudisha utanzu nyumbani kwake. Isitoshe, alikuwa na sababu ya kibinafsi. Amesimulia kwamba mnamo 1980, akiwa Los Angeles, alisumbuliwa kwa simu na mtu aliyekuwa ameathiriwa na filamu zake, na ambaye hatimaye alitishia kumuua. Mtazamaji aligeuka kuwa adui, na kutokana na tukio hilo msanii akapata hadithi.

3.0 Muhtasari wa Msuko

Peter Neal (Anthony Franciosa), mwandishi Mmarekani, anasafiri kutoka New York hadi Roma kuitangaza riwaya yake mpya iitwayo Tenebrae. Kabla hajafika, msichana mmoja aliyeiba nakala ya riwaya hiyo dukani anauawa kwa wembe, na kurasa za kitabu zinasokomezwa kinywani mwake. Mpelelezi Germani (Giuliano Gemma) anamweleza Neal habari hizo. Barua za vitisho zinaanza kumfikia mwandishi huyu. Mwanahabari Tilda na mpenzi wake wa kike wanauawa nyumbani kwao. Maria, binti wa msimamizi wa jengo anamokaa Neal, anafukuzwa na mbwa mkali usiku hadi anajikuta ndani ya nyumba ya muuaji. Anauawa kwa shoka.

Neal, akisaidiwa na kijana Gianni, anamshuku Christiano Berti, mhakiki wa televisheni. Wanapoichungulia nyumba ya Berti usiku, Gianni anashuhudia Berti akipasuliwa kichwa kwa shoka. Hapo mtazamaji anatatizika: ikiwa Berti ndiye aliyekuwa muuaji, nani amemuua Berti? Mauaji yanaendelea. Bullmer, wakala wa Neal, anachomwa kisu mchana kweupe katika uwanja wenye watu. Gianni ananyongwa ndani ya gari. Jane, mchumba wa Neal aliyekuwa na uhusiano wa siri na Bullmer, anakatwa mkono kwa shoka, na damu inaruka ikachora ukuta mweupe.

Mwishoni tunatambua kuwa muuaji wa pili ni Neal mwenyewe. Mbinu rejeshi zilizokuwa zikijitokeza mara kwa mara zimetuonyesha kijana aliyedhalilishwa ufuoni na mwanamke mwenye viatu vyekundu, ambaye baadaye aliuawa. Germani anagundua kwamba Neal alishukiwa ujanani kwa mauaji ya msichana, lakini ushahidi ukakosekana. Neal anajifanya amejikata koo kwa wembe wa hila, anamuua Germani, na hatimaye anachomwa na sanamu ya chuma inayoangushwa na mlango Anne, msaidizi wake, anapoufungua. Anne anabaki akipiga mayowe huku mvua ikinyesha.

4.0 Mahakama Ndani ya Filamu

Mashtaka dhidi ya mwandishi yanawasilishwa na wasomaji watatu, na kila mmoja anawakilisha namna yake ya kusoma.

Msomaji wa kwanza ni Tilda. Katika mkutano na wanahabari anamkabili Neal na kudai kuwa kitabu chake kinawachukia wanawake: wanawake ndani yake ni wahasiriwa tu, na wanaume ni wababe. Neal, ambaye anamfahamu Tilda tangu zamani, analichukulia swali hilo kwa mzaha na kulipitia juu juu. Mashtaka haya ndiyo yale yale ambayo Argento amerushiwa kwa miaka mingi. Kwa hivyo mtazamaji anayeifahamu kazi yake anatambua kwamba Tilda anamhoji mwelekezi kupitia kwa mhusika.

Msomaji wa pili ni Berti. Katika mahojiano ya televisheni anadai kuwa riwaya inahusu upotovu wa binadamu na adhabu inayoustahili. Neal anapinga na kumwonyesha kwamba si wahusika wote wanaouawa katika kitabu ni wapotovu kwa kipimo hicho. Berti hatoki kwenye msimamo wake. Huyu ni msomaji aliyekwisha kuamua kitabu kinasema nini kabla ya kukifungua, na kila sehemu inayompinga anairuka. Baadaye tunajua kwamba ndiye aliyeua kwa jina la usafi. Ni kinaya kikubwa kwamba mhusika anayeua kwa sababu ya kitabu ndiye pia mhusika aliyekielewa vibaya zaidi.

Msomaji wa tatu ni mpelelezi Germani. Yeye hupenda riwaya za upelelezi, na pamoja na Neal wanamrejelea Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Lakini anakiri kwamba kila anaposoma hashindi kumtambua muuaji mapema. Katika riwaya ya upelelezi ya jadi, mpelelezi ndiye anayerejesha utaratibu. Wasomaji wa Kiswahili wanaukumbuka utamaduni huo kupitia kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Germani hapewi heshima hiyo. Anaupata ukweli, lakini anaupata akiwa amechelewa, na anaangamia.

5.0 Wauaji Wawili na Utetezi Unaovunjwa

Iwapo filamu ingekoma Berti anapouawa, ingekuwa utetezi wa kawaida wa sanaa. Ujumbe wake ungekuwa kwamba kitabu hakina hatia na kwamba aliyeua ni msomaji mgonjwa. Utetezi huu unafahamika sana. Unaafikiana pia na fikra ya Roland Barthes katika insha yake ya 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, kwamba maana huzaliwa kwa msomaji wala si kwa mtunzi. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema wasimchanganye mwandishi na msimulizi, wala msimulizi na mhusika.

Argento anaujenga utetezi huo kwa ustadi, kisha anauvunja. Nusu ya pili ya filamu inatuambia kwamba mwandishi naye ni muuaji. Hata hivyo, ni muhimu kuangalia namna anavyokuwa muuaji. Neal haui kwa kuwa aliandika. Alikuwa ameua kabla hajawa mwandishi. Yamkini kuandika ndiko kulikomzuia kwa miaka mingi asirudie kitendo chake, kwani aliyahamishia mauaji kwenye karatasi. Anaporejea kwenye wembe na shoka, ana sababu za kidunia kabisa: usaliti wa mchumba na wakala wake. Anazitumia vurugu za Berti kama pazia la kujifichia. Kwa maneno mengine, anamuiga mtu aliyekuwa akikiiga kitabu chake.

Hapa ndipo filamu inapolijibu swali la kwanza. Je, kitabu huua? Jibu linalotolewa ni hapana. Berti alikuwa na chuki yake kabla ya kusoma, na Neal alikuwa na jeraha lake kabla ya kuandika. Kitabu kiliwapa umbo, hakikuwapa nia. Hata hivyo, jibu hili halimsafishi mwandishi. Filamu inakataa kumfanya mtunzi malaika kwa sababu tu msomaji wake ni shetani.

6.0 Giza Lililojaa Nuru

Neno Tenebrae ni la Kilatini, na maana yake ni "giza". Ni jina pia la ibada ya Wiki Takatifu katika Kanisa la Magharibi ambapo mishumaa huzimwa mmoja baada ya mwingine. Mtazamaji angetarajia filamu ya vivuli na kona zenye giza. Kinyume chake, mpigapicha Luciano Tovoli, aliyekuwa pia na Argento katika Suspiria, ameijaza filamu nuru kali. Kuta ni nyeupe, mavazi mengi ni meupe, na mauaji mengine yanatendeka adhuhuri. Sehemu ya filamu ilipigwa katika mtaa wa EUR mjini Roma, ulioanzishwa enzi ya Mussolini kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa yaliyokusudiwa kufanyika mwaka 1942. Majengo yake ni mapana, safi na baridi.

Uteuzi huu una maana. Giza linalorejelewa na jina la filamu halimo mazingirani, limo ndani ya watu. Aidha, nuru inamnyima mtazamaji kisingizio. Kila kitu kimewekwa wazi, lakini hakuna anayeona. Gianni anashuhudia kifo cha Berti na kusikia Berti akiungama kwamba yeye ndiye aliyewaua wote. Hata hivyo, inamchukua muda mrefu kuelewa alichokisikia, na kuelewa kunapokuja kunaandamana na kifo chake. Mbinu hii ya shahidi asiyeelewa ushahidi wake mwenyewe inajirudia katika filamu kadhaa za Argento.

Mfano mashuhuri zaidi wa matumizi ya kamera ni kabla ya kuuawa kwa Tilda. Kamera iliyoning'inizwa kwenye kreni inaanzia dirishani, inapanda ukutani, inavuka paa na kuteremka upande wa pili, bila kukatwa, kwa takriban dakika mbili na nusu. Muziki wa Claudio Simonetti, Fabio Pignatelli na Massimo Morante, waliokuwa wanachama wa bendi ya Goblin, unadunda muda wote huo. Mwendo huu hauwakilishi macho ya mhusika yeyote, kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kutembea hivyo. Ni jicho la filamu yenyewe, na kwa hivyo ni jicho la mtazamaji, linaloizunguka nyumba likitafuta mahali pa kuingilia. Aliyelipa tiketi hawezi kujidai kuwa hakuwa akiyasubiri mauaji.

7.0 Swali Lililokwepwa

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kurudi kwa Tilda, kwa sababu swali lake halikuwa kama kitabu huua. Aliuliza ni kwa nini wanawake ndio wanaouawa, na kwa nini wanauawa namna hiyo.

Tukizihesabu maiti za wakati wa sasa wa hadithi, bila kumhesabu Neal mwenyewe, wanawake ni sita na wanaume ni wanne. Kwa idadi tu, tofauti si kubwa sana, na mtetezi wa Argento angeweza kusimama hapo. Lakini idadi haitoshi. Tunapaswa kutazama muda na urembo. Bullmer anakufa haraka. Germani anapigwa mara moja. Tilda anapewa kamera inayoruka juu ya paa, nguo nyeupe inayopasuliwa kwa wembe na uso unaotokeza kwenye mpasuko huo. Maria anapewa mkimbio mrefu wa usiku. Jane anapewa damu inayochora ukuta kama brashi ya rangi. Kifo cha mwanaume ni tukio la msuko, kifo cha mwanamke ni mapambo ya filamu.

Mwaka 1975 Laura Mulvey alieleza kwamba filamu za masimulizi zimezoea kumweka mwanaume kama mtazamaji na mwanamke kama kitazamwa. Baadaye Carol Clover, katika kitabu chake cha 1992, alionyesha kuwa filamu za mauaji za Kimarekani huwa na msichana wa mwisho, ambaye anapambana na muuaji na kunusurika kwa akili na ushupavu wake. Katika Tenebrae Anne ananusurika, lakini hapambani. Anamuua Neal kwa sadfa, kwa kufungua mlango tu. Sauti ya mwisho tunayoisikia kutoka kwake ni ya mayowe, bila maneno. Mwanamke aliyekuwa na maneno alikuwa Tilda, naye alinyamazishwa mapema.

Wapo wanaodai kwamba kumpa Tilda nafasi ya kuuliza ni ishara ya uaminifu wa mwelekezi. Hoja hiyo ina uzito. Si wasanii wengi wanaothubutu kumwingiza mlalamishi wao ndani ya kazi na kumpa hoja yenye nguvu. Lakini kumkaribisha mtu barazani kisha kumkata koo kabla hajajibiwa si mazungumzo. Inafahamika pia kuwa katika filamu zake nyingi mikono yenye glovu nyeusi inayoshika silaha ni ya Argento mwenyewe. Msanii anapojitolea mikono yake kwa kazi hiyo, hawezi kumshangaa mhakiki anayeuliza mikono ile inafurahia nini.

8.0 Mahakama ya Nje

Nje ya kumbi za sinema filamu hii ilikutana na mahakama halisi. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulizuka hofu kuhusu kanda za video za kutisha zilizoingia majumbani bila udhibiti. Ofisi ya mashtaka ikaandaa orodha ya filamu zilizoweza kushtakiwa kwa uchafu, na Tenebrae ikawemo. Bunge likapitisha Sheria ya Kurekodi Video ya mwaka 1984. Filamu iliendelea kuwekewa vikwazo kwa miaka mingi, na ilikuwa 2003 ndipo Waingereza waliporuhusiwa kuinunua bila kukatwa. Nchini Marekani ilikatwa takriban dakika kumi na kuonyeshwa kwa jina la Unsane.

Wadhibiti hao walikuwa wakilijibu swali la kwanza, lile la Berti: je, kazi hii itamfanya mtu aue? Mkasi wao haukugusa kabisa swali la Tilda. Ukiondoa sekunde chache za damu, mtazamo wa kamera kwa mwanamke unabaki ule ule. Udhibiti unaweza kupunguza damu, lakini hauwezi kuwa badala ya uhakiki.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Tenebrae ni filamu inayojua inashtakiwa kwa nini. Kwa kuwaumba wauaji wawili, mmoja msomaji na mwingine mwandishi, inakataa jibu rahisi la kambi zote mbili. Haikubali kwamba kitabu huzaa muuaji, na haikubali kwamba anayeandika hana doa. Wakati huo huo, inashindwa kumjibu mwanamke mmoja aliyeuliza swali la maana kuliko yote.

Funzo kwa mwanafunzi wa uhakiki ni kwamba swali la athari na swali la mtazamo yasichanganywe. La kwanza huuliza kazi itamfanya nini mtu aliye nje yake. La pili huuliza kazi inamfanya nini mtu aliyemo ndani yake, nani anapewa sauti, nani anapewa muda, na nani anafanywa pambo. Swali la kwanza wanaweza kulishughulikia mahakimu na wanasaikolojia. La pili ni letu, na linazihusu riwaya, tamthilia na mashairi tunayoyasoma kila muhula sawasawa na linavyoihusu filamu ya Dario Argento. Mhakiki anayelikwepa kwa kuogopa kuitwa mdhibiti atakuwa kama Gianni dirishani: ameona na amesikia, lakini hajaelewa.